Nyumba Isiyofuka Moshi

Athanas Magesa hakuzaliwa mpenda mazingira. Ujana wake aliumalizia Geita kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, na huko mti ulikuwa na maana moja tu: gogo la kushikilia kuta za shimo zisikuangukie kichwani. Mgongo ulipomchoka alirudi Shinyanga, akajenga nyumba Kambarage, akafungua duka la vipuri vya baiskeli, akawa anaishi kama watu wengine, yaani ananunua mkaa na kulalamikia bei yake. Kisha akaitwa semina.

Ilikuwa semina ya kawaida, yenye chai, sambusa na nauli ya kurudi nyumbani. Mwezeshaji alionyesha picha za ardhi iliyokauka, akaeleza namna kaya inavyoweza kutunza mazingira na papo hapo ikabana matumizi. Wengine walisinzia. Athanas aliposikia "kubana matumizi" alikaa wima. Maisha yake yote watu walikuwa wakimwita bahili, tena si kwa kificho, na leo msomi mwenye kompyuta alikuwa anamwambia kwamba ubahili una jina zuri na jina hilo linagawiwa pamoja na fulana. Aliivaa fulana palepale. Kwa kuwa ilikuwa ya kijani, wiki nzima watu wa mtaani walidhani anagombea udiwani, wakawa wanamwamkia kwa adabu na kumuuliza kanga zitagawiwa lini.

Nyumbani mageuzi yalianza siku hiyohiyo. Jiko la mkaa la zamani likatolewa nje, likaingia jiko banifu la udongo. Pasi ikafungiwa kabatini. Anayetaka shati linyooke alikunje vizuri, aliweke chini ya godoro, alilalie. Maji ya kuogea yakawa hayamwagwi. Ulikaa ndani ya beseni, ukajisugua, kisha ukalibeba beseni lako hadi kwenye bustani ya mchicha kama mtu apelekaye sadaka. Taa ikabaki moja, ya sola, na taa ikihama chumba familia nayo ilihama. Mkewe, Philomena, aliwahi kubaki gizani na rozari mkononi katikati ya sala kwa sababu Athanas alikuwa ameondoka na taa kwenda kutafuta kiatu.

Tusimwonee lakini. Mambo yale yalikuwa na ukweli ndani yake. Mchicha ulistawi mpaka majirani wakawa wanapewa bure, jambo ambalo Athanas alilitazama kwa maumivu. Na kulikuwa na lile kapu. Binti yao Noela, fundi cherehani, alichukua kapu kubwa la ukindu, akalitandika ndani blanketi kuukuu alilolijaza pamba, akashona na mfuniko wake mnene. Unachemsha maharage kidogo tu, unaitumbukiza sufuria ndani ya kapu, unafunika, unakwenda zako kwenye kwaya. Ukirudi yameiva, na mkaa uliotumika hauzidi kiganja. Philomena alilipenda kapu lile kuliko alivyoipenda ile fulana, na mara nyingine, tuseme tu, kuliko aliyeivaa.

Kilichomkera ni kingine. Gunia la mkaa lililokuwa likiisha mara moja sasa lilikaa hadi likafanya vumbi, lakini bati la chumba cha nyuma liliendelea kuvuja vilevile.

"Baba Noela," aliuliza, "hii tunayookoa inakwenda wapi?"

"Inakwenda kwenye mazingira, Mama Noela," Athanas alijibu, kana kwamba mazingira yana dirisha mahali fulani ambako mtu hupanga foleni na kulipa.

Basi wakaja wageni kutoka Kishapu. Hawakuja kusalimia. Kijana wao, Edward, alikuwa amemwona Noela, wakapendana, na sasa wazee wake walikuwa wanakuja kuzungumzia mahari. Noela alikuwa amekwisha kukataa wachumba wa kutosha kumtisha mama yake, na huyu alimtaka kwa moyo wote. Siku zile alikuwa akishona huku anaimba, na wateja wake wakapata magauni yenye mikono isiyolingana bila kulalamika.

Philomena aliwajua watu wa Kishapu, kwa maana kwao ni huko. Nchi ile ni kavu, kuni ni taabu, watu hupikia hata mabua ya pamba. Kwa hiyo mwenyeji akikuwashia moto mkubwa unajua amekuthamini. Mgeni wa huko hatazami kiti wala zulia, hutazama moshi.

"Tuwashe moto uani, Baba Noela. Siku moja tu. Hata kama hatupikii, waone."

"Moto wa kuonyesha?" Athanas alishtuka. "Kwenye kaya ya mfano, iliyokwenda semina? Hao ndio wa kufundishwa! Wataondoka hapa na elimu."

Alikataa pia kumwita kaka yake aje kuwa msemaji, kama inavyotakiwa, kwa sababu kaka angehitaji nauli, na basi, alisema, linatoa moshi mchafu. Asubuhi ya siku yenyewe jogoo wawili wa kienyeji walichinjwa kimyakimya, wakachemshwa, wakaingizwa kwenye kapu. Wali nao ukafuata kwenye kapu dogo. Wageni walipokaribia, jikoni palikuwa pameshafagiwa, pakavu, pametulia kama kanisa siku ya Jumanne.

Walifika wawili: Mzee Luka, baba mkubwa wa Edward na msemaji wao, na dada yake, Paskalia, shangazi wa Edward. Salamu zilikwenda vizuri. "Mwangaluka," alisema Mzee Luka. "Mwangaluka, karibuni sana," aliitikia Athanas, akaanza moja kwa moja kueleza habari za mchicha. Mzee Luka alisikiliza huku pua yake ikitafuta kitu hewani na kukikosa.

Paskalia akainuka, kama desturi ilivyo, kwenda jikoni kuwasalimu wanawake wenzake. Aliwakuta Philomena na Noela wamekaa, mikono mapajani, hakuna chungu wala jani la kitunguu. Aliinama kwa heshima zote, akagusa jiko kwa kiganja. La baridi. Akarudi sebuleni, akamnong'oneza kaka yake maneno machache ya Kisukuma. Mzee Luka akaweka glasi ya maji chini na kuchukua fimbo yake.

"Basi, wenzetu," alisema. "Tumefika, tumeonana. Jua linakwenda."

Mlangoni Noela alishika fremu ya mlango. Alielewa mara moja, hata akasahau kwamba mkononi ana jagi la maji ya kunawa.

"Mnakwenda wapi, wakwe?" Athanas aliruka. "Chakula kipo! Kinaiva!"

"Kinaivia wapi?"

"Ndani ya kapu."

Mzee Luka alimtazama dada yake. Paskalia alipiga ishara ya msalaba.

Athanas, badala ya kufungua kapu na kupakua, alitoa semina. Alieleza joto linavyofungiwa, mvuke unavyofanya kazi, na pamba inavyozuia. Neno pamba ndilo lililoharibu kabisa. Mzee Luka alikuwa mkulima wa pamba, na msimu ule bei ilikuwa imemliza.

"Pamba," alisema taratibu. "Sisi tunapulizia dawa mpaka tunakohoa, wewe unaifunikia jogoo?" Kisha akaitua sauti, ikawa ya huruma, na ilikuwa mbaya kuliko ya hasira. "Baba Noela, ungesema tu. Umaskini si aibu. Tungekuja na kuni zetu kwenye pikipiki."

Hapo ndipo Athanas alipojimaliza. Kuitwa bahili alikuwa amezoea. Kuitwa mchawi wa jogoo angevumilia. Lakini mtu aliyekula ujana wake Geita hapendi kuitwa maskini na mtu wa pamba.

"Mimi maskini?" Sauti ilimpanda. "Mimi nina shimo langu Geita! Duara! Vijana wako chini sasa hivi tunavyoongea! Mwezi uliopita tu nimenunua lori zima la magogo ya kushikilia kuta, miti minene, imenyooka, imekatwa porini ikiwa mibichi! Maskini ananunua lori la magogo?"

Alimaliza akiwa amesimama, kifua mbele, fulana ya kijani imemkaa vizuri. Ilichukua muda kidogo kabla hajasikia alichokisema.

Philomena alikuwa ametokea nyuma ya Noela. "Lori zima," alisema.

"Mama Noela, ni uwekezaji..."

"Nahesabu vipande vya mkaa kama mtu ahesabuye vidonge. Nalalia sketi yangu ili inyooke. Natembea uani na beseni, nimejifunga kanga, majirani wananiangalia. Najiambia ni sawa, tunaokoa miti. Kumbe tunaiokoa hapa ili wewe ukaishushe shimoni?"

"Dhahabu ikitoka..."

"Imetoka?"

Athanas alitazama zulia. "Bado. Tumekuta maji."

Paskalia alishindwa kujizuia. "Kumbe moto mnao," alisema. "Ila mmeuwasha Geita."

Mzee Luka akaanza kucheka. Alicheka kwanza kwa mabega, kisha kwa tumbo, kisha akalazimika kukaa, na alipokaa fimbo ilirudi chini. Athanas alidhani amepona. Noela hakudhani hivyo. Alijua mzee anaweza kuinuka na kicheko chake na kuondoka nacho. Akaingia, akapiga goti.

"Shikamoo, baba mkubwa. Shikamoo, shangazi. Naomba mle kwanza, halafu mwondoke kama mnaondoka. Kapu halina kosa. Nimelishona mimi, na mkinichukua nitakuja nalo, maana kuni kwenu ni shida kuliko hapa." "Na siku mkija kwangu nitawawashia moto wa kuwakaribisha, halafu nitapikia kapu."

Akafungua. Mvuke ulipanda hadi kwenye kofia ya Mzee Luka. Jogoo wa kienyeji, ambao kwa kawaida hupimana ubavu na meno ya watu, walikuwa wameachia mifupa wenyewe. Njaa nayo haina mabishano. Wageni walinawa, wakala, na Paskalia akauliza kwa chini kama mfuniko unashonwa mara mbili au mara moja, na kama pamba ya zamani inafaa. Athanas alichangamka, akaanza kujibu, lakini hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye.

Walipomaliza kula, wakazungumza. Mzee Luka alitaja ng'ombe, Philomena akakohoa, mzee akaongeza. Paskalia akalia kidogo kuhusu ukame, wote wakalia kidogo kuhusu ukame, wakafikia mahali ambapo kila upande ulijiona umeonewa kidogo tu, na hapo ndipo pazuri. Noela alikuwa uani akisikiliza, na alipoisikia idadi ya mwisho alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akafuta machozi kwa mkono mmoja huku akicheka.

"Bado neno moja," alisema Mzee Luka, na sasa hakuwa anacheka. "Baba Noela, tunakuheshimu. Wewe ndiye uliyemzaa binti, na mila inasema ng'ombe wanakabidhiwa wewe. Lakini tumesikia kwa masikio yetu wenyewe. Tukikupa wewe, wale ng'ombe watashuka shimoni mmoja mmoja, na sisi tutakuja kumsalimu binti yetu tukute kamba tu. Tutawaleta baada ya kuuza pamba. Atakayepokea ni Mama Noela, na atakayewauza au kuwafuga ni Mama Noela. Kama hutaki, sema sasa, tuchukue pikipiki yetu."

Athanas alimtazama mkewe, akitegemea atakataa kwa adabu, kama mwanamke anavyotakiwa kukataa heshima kubwa inapokuja ghafla. Philomena alikuwa anakunja kitambaa cha meza, pembe kwa pembe, bila haraka yoyote. Athanas akamtazama Noela mlangoni, aliyekuwa ameingia na macho mekundu na uso unaomwomba baba yake jambo moja tu, kwamba leo, angalau leo, asibane.

Alijisikia aibu, aibu ya kweli, ile isiyo na mtu wa kulaumiwa pembeni. Alitamani semina yoyote, ya jambo lolote, imwite wakati huohuo.

Mila inamtaka baba wa binti asimame ashukuru kwa ng'ombe wake. Athanas alisimama, akavuta fulana ikae sawa, akasema asante ya Kisukuma, "Wabeja," na akashukuru kwa ng'ombe wa mke wake.