Mikebe ya Bi Mwanakuu

Mwanamume wa mtaa wetu wa Kibokoni akikaa barazani tangu alasiri mpaka isha, akiwatazama wapitao na kuwasema mmoja mmoja, huyo ni mtu na heshima zake. Mwanamke akitoka kunyoosha miguu, ataulizwa atokako, aendako na kilichomtoa. Mimi ni jirani yake Bi Mwanakuu, ukuta wangu na wake ni mmoja, na haya nayasema kwa hasira. Wala sioni kwa nini niifiche.

Bi Mwanakuu alikuwa mshonaji kofia. Tangu usichana wake alikaa mkekani, kitambaa cheupe cha bafta pajani na sindano mkononi, akitoboa vitundu na kuvidarizi, mpaka ujane ukamkuta papo hapo mkekani. Magoti yakakakamaa. Mji aliozaliwa aliujua kwa masikio zaidi kuliko kwa macho, maana safari zake zilikuwa za harusini na matangani tu, tena kwa kurudi haraka.

Aliyemtoa ni Mirriam, karani wa ghala moja la Shimanzi, mkazi wa Buxton. Alikuja kuagiza kofia ya kumzawadia mkubwa wake wa kazi, akamwona Bi Mwanakuu anavyoinuka kwa kushika ukuta. Akamweleza mchezo alioucheza shuleni alipokuwa skauti: mmoja huficha kitu, humpa mwenzake fumbo, naye hutembea akitafuta. Bi Mwanakuu akacheka mpaka sindano ikamponyoka. Juma lililofuata wakaanza.

Walitumia mikebe ya majani ya chai. Ndani mlitiwa vitu vidogo vidogo, kombe la pwani, kifungo, ushanga, pipi. Ukiupata mkebe watoa kimoja, watia chako, waufunga na kuurudisha ulipokuwa. Fumbo la kwanza Mirriam alilitega kama kitendawili: "Mzee miguu yake imo majini siku zote, wala hajapata kuota kutu." Bi Mwanakuu alilizungusha kichwani usiku kucha. Kesho yake akateremka hadi zile ngazi za mawe za bandari ya kale, akatia mkono katika ufa, akagusa bati. Alirudi kwangu anatweta, amejaa vumbi, kanionyesha ushanga wa rangi ya samawati kana kwamba ni kidani cha dhahabu.

Basi tena hakushikika. Akafika barabara ya Mama Ngina kwenye mibuyu, akafika nyuma ya ngome, akapita vichochoro ambavyo mimi mwenyewe sikuwa navijua. Aliniambia kuhusu milango aliyoiona, nakshi zake, na dirisha moja linalotoa harufu ya maasumini hata mchana. Na Mirriam akishindwa fumbo, hakuachwa hivi hivi, ilimbidi atoe mji kama ilivyo ada ya vitendawili. Atoe Zanzibari, atoe Malindi, naye Bi Mwanakuu aseme amekwenda, amekula, ameshiba, ndipo amfumbulie. Magoti yalilainika. Nilimwona akipanda ngazi zake bila kushika ukuta, nikasema alhamdulillahi.

Kisha zikaja zile mvua za El Nino. Kuta nyingi zilibomoka mwaka ule, na wa Abdulghafur muuza vitambaa ulikuwa mmojawapo. Fundi alipokuwa akiuziba upande wa nje, kichochoroni, akakuta tunduni mkebe. Bi Mwanakuu alikuwa ameufunga kwa bafta usiingie maji, akaukaza kwa uzi wa mafundo mengi kama afungavyo kazi zake. Ndani mlikuwa na sindano, kombe, pipi mbili na ubani kidogo wa kufukuza wadudu.

Lo! Fundi aliruka kutoka kwenye ngazi. Abdulghafur akatoka na msuli wake kiunoni akipiga kelele mtaa mzima: "Nshafungwa kwa uchawi! Duka langu limefungwa humu! Tazameni, hino si sanda?" Ndiyo, bafta ndiyo hushonwa sanda. Lakini kofia iliyokuwa kichwani mwake wakati huo ilikuwa bafta ile ile, tena kashona Bi Mwanakuu, na hilo hakulikumbuka. Duka lake lilikuwa likizorota kwa sababu ya ukali wake kwa wateja. Sasa amepata wa kumbebesha lawama.

Haikuchukua muda ikajulikana nani alionekana akitia mkono ukutani. Watu wakajaa mlangoni kwetu. Bi Mwanakuu akaeleza mchezo, hawakumwelewa. Akaitwa maalim wa chuo cha Kurani aje aizimue hiyo dhara. Mzee yule akaufungua mkebe, akaunusa, akacheka.

"Abdulghafur, huu ni ubani na hii ni sindano ya kofia," alisema. "Tangu lini mchawi akamtilia mtu pipi?"

Watu wakacheka. Nikangoja Abdulghafur aombe radhi. Ndiyo nangoja mpaka leo! Alikunja uso tu, akasema, "Hata hivyo, mwanamke mzima atafutani katika kuta za watu?" Na wenziwe wa barazani wakaitikia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Yaani ameonekana hana kosa, na kosa bado ni lake!

Lililoniuma zaidi lilitoka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Jamaldin, mwanawe wa pekee aliyekaa naye, alimwambia, "Mama, mie najua hukufanya lolote. Lakini watu washasema. N'sitiri, keti ndani." Bi Mwanakuu akamwonea imani, akaketi. Mirriam alipokuja aliambiwa mama yuwapumzika. Ramadhani ikaingia ikatoka. Nikaanza tena kumsikia, kupitia ukuta wetu, akiguna kila ainukapo.

Siku ya Iddi Mirriam alikuja kutoa mkono wa Iddi. Jamaldin alisimama kati ya mlango akimshukuru kwa adabu, bila kumkaribisha. Mimi nilikuwa kizingitini kwangu na sahani ya vileja. Nyuma ya Jamaldin akatokea mamake, kavaa buibui na viatu.

"Mama, waenda wapi?"

"Natoka na Mirriam."

"Si tulikwisha sema, mama? Watu..."

"Nisikiza, mwanangu." Hakupaza sauti. Alishika fremu ya mlango kwa sababu ya magoti. "Babako alipokufa, Mwenyezi Mungu aliniweka ndani miezi minne na siku kumi, kisha akanipa ruhusa nitoke. Hii eda yako wewe, Jamaldin, yaisha lini?"

Jamaldin alirudi nyuma hatua moja. Akampisha mamake mlangoni.