Polishi ya Mama

Mume wangu ni fundi rangi. Mtaani wanamwita Msasa, kwa sababu hapaki kitu kabla hajakisugua. Mlango wa kabati langu ulikaa mtupu mwezi mzima, yeye akidai mbao bado hazijawa tayari. Mkaidi huyo, hamwogopi mteja yeyote. Anamwogopa mama yangu.

Si kwamba mama ni mkali. Ni heshima tu. Mbele ya mkwewe Msasa hali akashiba. Kwa hiyo mama alipomwita alipake upya baraza lake la mbao, ambalo Msasa alilipaka miaka ya nyuma, alikwenda na shati lililopigwa pasi, kana kwamba anaenda kuposa tena.

Nilikuwepo. Alichuchumaa akadondoshea mbao maji. Vanishi ya zamani ikiwa imechakaa, maji huzama, na fundi anaweza kupaka juu yake. Haya yalibaki juu vitone vitone. Msasa akapitisha kidole, akakinusa. Polishi ya sakafu.

"Naipaka kila Jumamosi, baba," mama akasema, uso umemchangamka. "Kazi ya mkono wako hiyo, lazima niitunze."

Hapo ndipo Msasa alipotakiwa kusema kwamba vanishi haishiki juu ya polishi, kwamba lazima akwangue yote mpaka mbao zionekane. Maneno mepesi. Lakini ni kumwambia mkwe kwamba miaka yote hiyo amekuwa akiharibu. Nikamkonyeza aseme.

"Tutapaka juu tu, mama. Mbao ziko vizuri."

Njiani nilimwambia mficha uchi hazai. Kesho yake akaenda akapaka.

Baraza liling'aa, tena sana. Kisha wenzake mama wa kikundi cha kufuma wakaja kukaa pale. Walipovuta viti, vanishi ikatoka vipande vipande kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na mmoja akanyanyuka nayo kwenye gauni.

"Huyu ndiye fundi unayetusifia kila siku?" akauliza.

Nilitamani ardhi inimeze, na mimi hata brashi sikuishika.

Msasa alipopata habari hakula. Alikwenda kwa mama akasimama nje ya baraza, kofia mkononi.

"Vanishi ilikuwa mbovu, baba?" mama akamuuliza. Alikuwa anampa mlango wa kutokea, maskini.

"Hapana, mama. Ni mimi. Nilikosea kazi."

Polishi hakuitaja. Alipiga magoti akakwangua ubao mmoja mmoja mpaka vidole vikachubuka, majirani wakipita na kumpa pole za kumcheka. Akapaka upya. Safari hii ilishika.

Tulipokwenda kuiona ikiwa imekauka, mama alitoka ndani na mkebe wa polishi na kitambaa.

"Sasa nitapaka mara mbili kwa wiki," akasema, "isije ikakuaibisha tena."

Msasa akanitazama. Sikumkonyeza.

"Mama," akasema. "Ni hiyo polishi."

Mama akaelewa. Akautazama mkebe, akavitazama vidole vya mkwewe.

"Kwa hiyo ulinibebea lawama," akasema polepole.

Akausukuma mkebe chini ya kiti kwa mguu, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Msasa akainamia kofia yake. Hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake. Mimi nikaingia ndani, nikawaachia aibu yao wagawane.