Faili la Hilma

Raili Kemppainen alizaliwa na hasira, na miaka ishirini na mitatu ya kuingia nyumba za watu haikumpunguzia hata chembe. Kazi yake ilikuwa kuzisaidia familia ambazo ofisi ya ustawi wa watoto imezitilia shaka. Hakuwa mtu wa kukaa kochini na kuuliza maswali. Alivua viatu mlangoni, akakunja mikono ya sweta, akaosha vyombo pamoja na mama wa nyumba, na mikono ikiwa bado majini, mama akaanza kusema yaliyomsibu. Ofisini walimwita mkorofi. Akina mama walimwekea kahawa.

Kwa Jonna alikwenda miaka mitatu. Jonna alikuwa na binti mmoja, Hilma, na ulevi uliomjia kwa vipindi. Mwaka wa kwanza ulikuwa balaa tupu. Raili alimkuta mtoto kwenye theluji na viatu vya ndani, akamkuta mama amelala sakafuni mchana, jiko linawaka. Akagomba, akaita gari la wagonjwa, akaandika. Mwaka wa pili mambo yakatulia. Mwaka wa tatu Jonna alirudia pombe mara mbili tu, na zote mbili alimpigia Raili simu mwenyewe kabla hajafungua chupa ya pili. Uji wa shayiri ukawa unapikwa kila asubuhi. Hilma akajifunza kuteleza kwenye barafu ya ziwa, mama yake kamshika mkono.

Vuli hiyo, Hilma akiwa na miaka sita, ofisi ikapata mkubwa mpya, Tuukka, kijana nadhifu kutoka kusini. Akapitia mafaili yote, kisha akaita kikao: je, ofisi iende mahakamani kuomba Hilma achukuliwe, akalelewe na watu wengine?

Raili aliingia kikaoni kifua mbele. Jonna alikaa karibu na dirisha, blauzi imepigwa pasi, mikono mapajani.

"Nimesoma kurasa zote arobaini na moja," Tuukka akasema. "Raili, mwandiko ni wako. Viatu vya ndani. Jiko. Chupa kwenye kabati la taulo. Sijaona hata siku moja ambayo mtoto huyu alikuwa salama."

"Hujaona?" Raili akafoka. "Nimekwenda pale mara mia tatu, wewe! Hayo ni mambo ya siku ishirini!"

"Na hizo nyingine?"

"Zilikuwa nzuri!"

"Haya, nionyeshe."

Raili akalivuta faili. Tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, halafu mstari mtupu. Akafunua ukurasa mwingine. Mstari mtupu.

Kwetu Kainuu, kaskazini mwa Finland, watu hawasifii. Mke akipika vizuri, mume hula akanyamaza, na huko kunyamaza ndiyo shukrani yenyewe. Jambo likiwa sawa halisemwi; inayosemwa ni kasoro. Ndivyo Raili alivyolelewa, ndivyo alivyolea wanawe, na ndivyo alivyoandika, ujinga mtupu, miaka ishirini na mitatu. Akayakumbuka mafaili mengine, na watoto wengine waliokwisha kuchukuliwa.

"Lete kalamu," akasema. "Naandika sasa hivi. Machi mwaka jana wameoka mkate, mtoto mwenyewe ndiye aliyekanda unga..."

"Huwezi kujaza leo siku za mwaka jana. Sheria unaijua."

"Basi hakimu aje aniulize mimi!"

"Raili, keti."

"Siketi! Hujawahi kuosha hata kijiko kwa watu hawa, halafu unanipigia kelele za sheria!"

Tuukka akalivuta faili upande wake. Laiti angefoka naye, Raili angepata wa kupigana naye. Lakini kijana alikuwa amesoma kilichoandikwa tu, na aliyeandika alikuwa Raili mwenyewe.

"Basi andika hili," akasema. "Kosa ni langu. Andika!"

Tuukka akaliandika papo hapo, na saa akaiandika pembeni. Kasoro hazikosi karani. Kisha ikaamuliwa waende mahakamani.

Jonna alimkuta Raili ukumbini, anahangaika na zipu ya koti. Raili akajiandaa kutukanwa; angeona afadhali.

"Kumbe zilikuwa nzuri?" Jonna akauliza.

"Nini?"

"Siku zangu. Umesema zilikuwa nzuri."

"Zilikuwa nzuri, ndiyo. Nzuri sana."

"Mara mia tatu, Raili. Tumekaa wawili pale jikoni, ukinywa kahawa na kuondoka zako, na mimi usiku kucha nawaza leo nimekosea wapi." Macho yalikuwa makavu, mekundu. "Hukuweza kuniambia hata siku moja?"

Raili akaiacha zipu. Jonna hakungoja jibu, akatoka. Hilma alikuwa anatoka shule ya awali saa nane, na mwaka mzima ule mama yake hakuwahi kuchelewa kumchukua.