Bunduki ya Marisau na Mwezi wa Kwetu

"Sasa wewe unafunga kwa nani?"

Niliulizwa hivyo garini, Jumapili moja ya Juni, na mzee Singasinga aliyekuwa akinifundisha kupiga bunduki. Alikuwa amenichukua kwenye kituo cha treni cha Acocks Green, karibu na kwake, na tulikuwa tukielekea machimbo ya zamani ya mawe nje ya Birmingham, ambako siku hiyo ningefanya mtihani wa usalama. Nikifaulu, ningeingia kwenye mashindano wiki mbili baadaye. Nikishindwa, basi, maana mtihani mwingine haukuwapo mpaka majani yaanze kupukutika. Nilijifanya natafuta kitu ndani ya begi.

Tulikuwa tumekutana maktabani. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kemia, na kazi niliyoipata ilikuwa kupokea simu za watu wenye hasira katika ofisi ya bima. Jumamosi nilijitolea kuwasaidia wazee kujaza fomu za serikali kwenye kompyuta. Siku moja printa ilitafuna fomu ya mzee huyu, nami nikaitukana printa kwa Kiswahili cha Mombasa. Mzee alicheka mpaka akavua miwani.

"Hiyo tusi sijasikia miaka hamsini," alisema.

Alizaliwa Kisumu, akaondoka akiwa na miaka kumi na saba, na Kiswahili chake kilibaki na umri huo huo: cha gereji na sokoni, hakikukua wala hakikuzeeka. Hapa alikuwa fundi wa kukereza vyuma kiwandani hadi alipostaafu, na mwisho wa wiki alipiga bunduki. Nilipomwambia kwamba watu wazima wanaochezea bunduki wana kasoro fulani, hakukasirika. "Njoo uone kasoro yenyewe," alisema.

Kwa hiyo nilikwenda mara ya kwanza ili nibishe. Nilidhani ni mchezo wa kulala kifudifudi na kushusha pumzi. Kumbe mtu anakimbia. Kipima muda kinalia, unaokota mezani bunduki ya marisau, ile inayomwaga vijirisasi vingi kwa mpigo, unaangusha sahani za chuma, unapakia risasi huku ukikimbia, unapiga goti, unatambaa chini ya ubao, unaiweka bunduki ya kwanza ndani ya pipa na kuchukua bunduki ndogo ya risasi moja moja, unaendelea mpaka mwisho. Nchi nyingine huongeza bastola, lakini Uingereza bastola zimepigwa marufuku, kwa hiyo sisi tulikuwa na bunduki mbili tu. Mbio moja haifiki dakika mbili, na ukimaliza mapafu yanawaka. Katika muda huo hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Nilirudi wiki iliyofuata, na nyingine, nikiwa bado nabisha.

Klabu ilinipokea kwa adabu nyingi mno. Walitaka watu wawili wa kunidhamini, wakapeleka jina langu polisi kama sheria inavyotaka kwa kila mgeni, kisha katibu akaniuliza mara tatu, kwa maneno tofauti, kwa nini hasa napenda mchezo huu. Kijana aliyejiunga wiki ile ile, mwenye nywele za rangi ya majani makavu, aliulizwa mara moja. Nilihesabu.

Nyumbani kwetu ni Small Heath, nyuma ya Coventry Road. Uani nilifanya mazoezi na mpini wa fagio: bega, goti, simama, kimbia hatua nne, goti tena. Risasi bandia nilizifunga kiunoni na kujifunza kuzipakia mbili mbili bila kutazama, mpaka kucha ya kidole gumba ikapasuka. Baada ya siku chache niliacha kufanyia uani. Hakuna jirani aliyesema kitu, lakini nilijiona kwa macho ya mtu wa dirisha la juu: msichana wa Kisomali, ushungi kichwani, analenga ukuta kwa fimbo. Nilihamia sebuleni, nikasukuma makochi. Wengine walifanyia mazoezi bustanini kwao, wakala nyama choma baadaye.

Mama alipita mbele ya ukuta niliokuwa nikiulenga, na kikapu cha nguo.

"Mimi nimezikimbia bunduki miguu mitupu, wewe mgongoni," alisema. "Sasa unazipandia gari kuzifuata."

"Ni mchezo, Mama."

"Hata wale tuliowakimbia walikuwa wakicheka."

Tulikimbilia Mombasa nikiwa mchanga, tukakaa miaka kumi na sita kabla ya kuja hapa. Ndiyo maana nyumbani tulichanganya Kisomali na Kiswahili, na ndiyo maana Mama alifunga na kufungua kwa mwezi wa Mombasa, si wa Saudia unaofuatwa na msikiti wa mtaani kwetu. Dada yake alibaki kule, na ujumbe wake kwenye simu ndio uliokuwa kadhi wa nyumba yetu.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Juni, mwezi ambao jua la Birmingham halitaki kulala. Karibu saa kumi na tisa bila tone la maji. Mimi nilikuwa nimeacha kuamini tangu mwaka wa pili wa chuo, na Mama hakujua, au sote wawili tulikubaliana bila kusema kwamba hajui. Kazini nilikunywa kahawa. Siku za mazoezi nilikula mkate ndani ya treni, nikapangusa midomo kabla ya kufika nyumbani. Sikuona aibu. Nilikuwa na sababu zangu, na zilikuwa sababu nzuri.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Magharibi ilipoingia, mtaa wote ukajua kesho ni Idi. Magari yakaanza kupiga honi barabarani. Dada yake Mama akaandika kutoka Mombasa: mwezi haujaonekana, kesho tunafunga.

"Mama, mwezi ni mmoja," nilisema. "Hakuna wa Small Heath na wa Mombasa. Naweza kukuchorea."

"Kwetu haujaonekana."

"Kwetu wapi? Tuko Coventry Road. Hata mwezi wenyewe umeshabadilisha anwani."

Hakucheka. Alikuwa anaosha kikombe kilichokwisha kuwa safi. "Basi wewe kula kesho," alisema. "Mimi nitafunga peke yangu."

Ningeweza kunyamaza. Ningekula kwenye treni kama siku zote. Badala yake nikasema nitafunga naye, na nikamaanisha, siku moja tu katika mwezi mzima, ile niliyohitaji miguu yangu.

"Nimepita kando ya ile bustani kubwa ya mtaani kwenu," Mzee alisema garini. "Watu wamejaa, nguo mpya. Idi mubarak, beti. Umekula vizuri?" Beti ndivyo wanavyowaita binti zao.

"Kwetu bado," nilisema.

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu anayeendesha. Hapo ndipo aliponiuliza nafunga kwa nani. Alijua habari za mkate wa kwenye treni. Alikuwa mtu wa pekee niliyemwambia. Nilipokuwa nikipekua begi, alitoa chupa ya maji upande wa mlango, akaniwekea mapajani.

"Maji tu. Nusu."

"Hapana."

"Iko joto leo."

"Nimeshasema hapana, Mzee."

"Mimi nikimwambia mwalimu wa mtihani, yeye atarudisha wewe nyumbani."

"Basi mwambie."

Hakumwambia. Mara nyingi nimemlaumu kwa hilo, ingawa ningemchukia zaidi kama angesema.

Asubuhi nilifanya vizuri. Nilijibu maswali yote ya karatasi, nilipakia bila kutazama, sahani zote zikaanguka. Mwalimu wa mtihani, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, aliandika kitu na kuitikia kwa kichwa, ameridhika. Saa saba mchana, kuta za mawe zikirudisha joto kama tanuri, ikabaki mbio moja.

Kuna kanuni moja ambayo haina msamaha: mdomo wa bunduki lazima uelekee kwenye shabaha daima. Ukivuka mstari wa mabega na kuelekea waliosimama nyuma, unaondolewa hapo hapo, hata kama kidole kiko mbali na kifyatulio. Kwa anayetumia mkono wa kulia, hatari ni kukimbia kuelekea kushoto, kwa sababu mwili ukigeuka, bunduki hutaka kugeuka nao. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya mbio za kushoto mara mia kwa mpini wa fagio, kutoka kochi hadi mlango wa jikoni.

Nilipiga goti, nikaangusha sahani mbili, nikasimama ili nikimbie kushoto. Niliposimama, damu haikusimama nami. Ukuta wa mawe uligeuka mweupe. Nilipiga hatua moja pembeni, na ya pili, nikasikia "Simama" mara moja, bila kelele, na mkono ukashika bega langu kwa nguvu.

Waliitoa bunduki risasi. Walinipa kiti. Mwalimu aliuliza kama naumwa, nikasema hapana. Aliuliza kama nimekula, nikasema ndiyo. "Mdomo ulivuka," alisema. "Pole. Kwa leo tumemaliza."

Nilianza kubisha. Nilimwambia haukuvuka, nikamwuliza aliupimaje, alikuwa amesimama pembe gani, na kama kijana mwenye nywele za majani makavu naye angeshikwa bega. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha Mzee akasema, kwa Kiswahili, ili wengine wasielewe:

"Beti, wacha. Ulivuka. Mimi ndiye nilikuwa nyuma. Nimeuona."

Kilemba chake kilikuwa na vumbi upande mmoja. Alikuwa amejitupa chini. Nilikuwa nimemwelekezea bunduki yenye risasi mzee wa miaka sabini, mtu wa pekee mahali pale aliyeniuliza swali kwa sababu alitaka jibu. Mashindano yalifanyika bila mimi. Majani yalipopukutika sikujiandikisha tena, na Jumamosi za maktaba nilizihamishia tawi jingine, ambako wazee hawakunijua.

Jioni ile, karibu saa tatu unusu, tulikaa jikoni kusubiri magharibi, Mama na mimi, sahani ya tende katikati. Nje watoto wa jirani walikuwa bado na nguo za Idi. Mama alisoma dua, akachukua tende, akafumba macho alipoitafuna.

"Funga yako ilikuwaje?" aliniuliza.

"Nyepesi," nilisema.

Miaka mingi baadaye, katika harusi ya binti yake, jirani yetu alinisimulia Idi ile kama kichekesho. Alipotoka kwenye sala ya Idi bustanini, yapata saa tano asubuhi, alimpelekea Mama sahani ya wali na nyama ya mbuzi. Mama alikula yote, akanywa chai vikombe viwili, kisha akamwomba asiniambie.