Paa la Nyasi la Kipkirui

Kipkirui hakuwa mtu wa maneno. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za nyumba mjini Eldoret, maghorofa ya vioo yanayochoma kama jiko saa sita mchana, na Jumamosi alirudi Kapseret kukamua ng'ombe wa mama yake. Chama cha hisani cha kanisa letu kilipoamua kuwajengea wazee wanaoishi peke yao, yeye ndiye aliyejitolea kuchora bila malipo.

Zamani nyumba kama hiyo haikuhitajika. Mzee alikuwa na watu. Siku hizi anaachiwa simu.

Pesa ya chama ilikuwa kidogo. Kwa hiyo Kipkirui alichora vyumba sita vyenye kuta za matofali ya udongo ulioshindiliwa, na juu paa la nyasi, ambazo zilikuwa tele bondeni kwa mama yake. Kuta nene zingehifadhi joto la mchana, na hapa kwetu baridi ya Julai haina huruma kwa wazee. Nilipoiona ile ramani nilifurahi kama ambavyo sikuwa nimefurahi kwa miaka mingi. Nilizaliwa chini ya nyasi. Mvua iliponyesha, mlisikiana mkiongea. Mabati yameturoga: mtu atalala njaa mradi bati lake ling'ae.

Mkutano ulifanyika kanisani baada ya ibada. Kipkirui alieleza, watu wakapiga makofi. Kisha Mama Nduta akainua mkono. Ni mjane aliyeletwa huku kutoka Nyeri akiwa bibi arusi, na chumba cha kwanza kilikuwa chake.

"Kijana wangu, hiyo ya juu ni nini?"

"Ni nyasi, Mama."

"Basi chumba changu mpe mwingine."

Kibet wa duka akacheka. "Mama Nduta anataka vigae kama vya waheshimiwa!"

"Cheka tu, Kibet. Wewe hukutolewa kwa dirisha nyasi zikiwaka juu yako."

Kila mtu aliukumbuka mwaka ule wa uchaguzi, majirani walipochomeana nyumba. Nilikuwa nimejiandaa kuzitetea nyasi, nikabaki nimeketi.

"Mama, mabati ya vyumba sita hatuwezi," Ciku, mweka hazina, alisema kwa upole.

Kipkirui akaketi, akatoa kifutio. Alifuta vyumba viwili, akafuta na baraza ambapo wazee wangeota jua. Vilivyobaki vingeweza kuezekwa kwa mabati.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata nje kwa hasira. "Si ungemwambia kuna dawa ya kupaka nyasi zisishike moto?"

"Naijua hiyo dawa, Mzee. Sasa nimwambie alale chini ya nyasi ndio aamini?"

Nikashika njia ya nyumbani.

Nyumba ilikamilika kabla ya masika. Mzee Wabuge na Mama Jelagat, waliokosa vile vyumba viwili, bado wanaishi peke yao. Kipkirui huwapelekea maziwa kila Jumamosi, na hukaa nao kidogo tu, kwa maana hawezi kuwatazama usoni.

Mvua ya kwanza ilipiga mabati kama mawe. Asubuhi Mzee Simeon, wa chumba cha pili, alilalamika kwamba hakupata hata lepe la usingizi. Mama Nduta ilibidi aamshwe anywe chai.