Hakuna, Ni Bingo Tu

Kwa miaka ishirini Lorna Stuckey alikaa kwenye dirisha la vibali vya bunduki, katika ofisi ya kaunti yetu ya wakulima wa mahindi. Bunge la jimbo lilipofuta vibali hivyo, tulijua dirisha litafungwa. Lakini mwaka uleule bunge likatunga sheria nyingine: kila bingo, mchezo ule wa bahati wa namba, iombewe kibali kaunti. Lorna akabaki, nasi wazimamoto wa kujitolea, tunaochangisha fedha kwa bingo, tukapanga foleni kwake.

Kwenye fomu, penye "Aina ya kamari", niliandika: "Hakuna. Ni bingo tu."

"Andika kamari, Wendell," Lorna akaniambia.

"Kamari ni dhambi, dada. Sisi tunachezea kanisani."

"Sheria haijui kanisa. Andika, au ondoka na karatasi yako."

Niliondoka nayo mara tatu, nimenuna, kisha nikaandika.

Majira ya theluji yaliyopita jikoni kwa Lorna kulishika moto. Tulifika na gari tulilonunua kwa bingo, tukaiokoa nyumba. Lorna, masizi usoni, alilipapasa gari lile akitushukuru mpaka tukaona haya.

Juzi nilimpelekea fomu mpya. Alilikata neno "kamari" nililoandika kwa utiifu, akaandika kwa mkono wake: "Hakuna. Ni bingo tu."