Chujio Halitoki

Juzi Malaba, kwenye foleni ya malori, nilimwona dereva mmoja mwanamke ambaye taa ya onyo ya ekzosi, bomba la moshi, ilikuwa imemwakia kwenye dashibodi. Fundi akamjia na msumeno.

"Madam, tukate hii chujio ya moshi, injini ipumue."

"Hiyo ndiyo inashika masizi. Ukiitoa, nani atayameza? Huyu mama anayeuza chapati hapa kando ya barabara?"

"Basi utapoteza nafasi yako kwenye laini."

"Wacha ipotee!"

Akatoka kwenye foleni, akaegesha mbali na watu, akaacha injini ingurume mpaka joto likachoma masizi yaliyoziba chujio. Madereva wenzake walimpita wakipiga honi na kucheka. Taa ilipozimika, akarudi mkiani mwa foleni, kichwa juu.

Waliomcheka, nawaambia, walikuwa wameziba pua kwa sababu ya moshi wa malori yao wenyewe.